Little Walter: Kijana wa soko la Maxwell aliyekipa nguvu kinanda cha mdomo

WAPO watu wanaokumbukwa kwa chombo walichokibuni, na wapo wanaokumbukwa kwa namna walivyokitumia chombo kilichobuniwa na wengine. Marion Walter Jacobs, Mmarekani Mweusi aliyefahamika kwa jina la kisanii la Little Walter, yaani Walter Mdogo, ni wa kundi hilo la pili. Kinanda cha mdomo alichokipuliza kilitoka kiwandani Ujerumani. Maikrofoni aliyoishika ilikuwa ya aina waliyotumia watangazaji na waendesha mitambo ya mawasiliano. Amplifaya aliyoichomeka ilikusudiwa gitaa au hotuba. Alipoviunganisha vitu hivyo vitatu kwa mikono na pumzi yake, ikatoka sauti ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kimeipanga.

Zaidi ya nusu karne tangu afariki dunia, wapigaji wa kinanda cha mdomo wa mabara mbalimbali bado wananunua vifaa kwa kujaribu kuipata sauti ile. Maisha yake yanawafaa watu wanaoishi kwa kununua na kuuza, maana yalichanua katika soko la wazi, yakapanda kwa bidhaa moja iliyouzwa sana, kisha yakaisha mapema mno.

Chombo cha mfukoni

Kinanda cha mdomo cha bluzi ni kidogo kuliko kiganja. Kina matundu 10, na ndani yake ndimi 20 za shaba. 10 hulia mtu anapopuliza na 10 anapovuta pumzi. Kampuni ya Hohner, iliyoanzishwa mwaka 1857 katika mji wa Trossingen, Ujerumani, ilivisambaza vinanda hivyo Marekani kwa wingi. Aina iliyopendwa kuliko zote, Marine Band, ilianza kuuzwa mwaka 1896. Kilikuwa chombo cha bei nafuu, hakihitaji kubebwa na punda wala mkokoteni, na kijana asiye na kitu aliweza kukimiliki.

Hohner walikitengeneza kwa ajili ya nyimbo za Ulaya, hivyo noti zake kuu zimewekwa upande wa kupuliza. Weusi wa kusini mwa Marekani walikigeuza. Wao walitegemea zaidi upande wa kuvuta pumzi, ambako mpigaji anaweza kuipinda noti ishuke kidogo kidogo kama sauti ya mtu anayelia. Ndiyo maana hadi leo mpiga bluzi huchukua kinanda cha ufunguo wa C ili apige wimbo wa ufunguo wa G. Ufundi huo ulikuwapo kabla Walter hajazaliwa. Yeye aliurithi.

Kutoka Louisiana hadi kaskazini

Walter alizaliwa Mei 1 katika mji mdogo wa Marksville, jimbo la Louisiana. Mwaka unaotajwa katika vitabu vingi ni 1930. Alijifunza kinanda akiwa mtoto, na akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliacha shule akaenda kujitafutia riziki. Alipita New Orleans, Memphis, Helena katika jimbo la Arkansas, na St. Louis, akifanya vibarua na kupiga muziki mitaani na katika vilabu vya pombe.

Helena ulikuwa mji mdogo wenye sikio kubwa. Tangu mwaka 1941 kituo cha redio cha KFFA kilirusha kipindi cha muziki wa bluzi kilichodhaminiwa na wauza unga wa ngano. Mpigaji wake mkuu alikuwa Rice Miller, aliyejiita Sonny Boy Williamson, bingwa wa kinanda cha mdomo. Unga uliuzika kwa sababu ya muziki, na muziki ulifika mashambani kwa sababu ya unga. Walter alijifunza mengi kwa Miller na kwa wanamuziki wengine wakubwa kwake waliopita njia hiyo.

Lakini kijana huyu hakusikiliza wapiga bluzi peke yao. Alimpenda sana Louis Jordan, mwimbaji na mpiga saksafoni ambaye santuri zake zilitikisa miaka ya 1940. Walter alizikariri sehemu za saksafoni za Jordan na kuzipiga kwa kinanda chake. Wenzake walitaka kinanda kilie kama treni au mbwa wa msituni. Yeye alitaka kilie kama bomba kubwa la shaba linaloongoza bendi nzima. Hamu hiyo ndiyo iliyomfanya baadaye atafute amplifaya.

Jumapili sokoni

Walter alifika Chicago baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwa bado kijana mdogo, akifuatana na mpiga gitaa Honeyboy Edwards. Alikuwa mmoja kati ya mamilioni ya Weusi waliohama kusini kwenda miji ya viwanda kaskazini kati ya mwaka 1910 na 1970. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa soko la Maxwell Street.

Soko hilo lilianzishwa na wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki. Siku ya Jumapili, maduka mengine yakiwa yamefungwa, Maxwell Street ilifurika watu. Nguo, viatu, vyuma chakavu, redio, matunda na dawa viliuzwa hapo, na bei ilikuwa ya kupatana. Wanamuziki walipanga mahali pao kama wachuuzi wengine. Walivuta nyaya za umeme kutoka katika nyumba na maduka ya jirani, wakamlipa mwenye nyumba kitu kidogo, wakachomeka amplifaya zao kando ya barabara. Aliyekuwa na sauti kubwa alikusanya watu, na aliyekusanya watu alipata sarafu. Asiye na umeme alimezwa na kelele za soko.

Katika soko hilohilo, Bernard Abrams alikuwa na duka la redio na santuri. Mwaka 1947, katika chumba cha nyuma cha duka lake, alimrekodi Walter kwa mara ya kwanza, na santuri ikatoka chini ya jina la Ora-Nelle. Katika rekodi hiyo kinanda bado kinalia kama kinanda cha mtaani, chembamba na chepesi. Kilichosikika pale hakikutofautiana sana na mtindo wa John Lee Williamson, bingwa mwingine aliyetumia pia jina la Sonny Boy na ambaye aliuawa Chicago mwezi Juni 1948.

Kumezwa na gitaa

Muddy Waters, aliyetoka mashamba ya pamba ya Mississippi na kufika Chicago mwaka 1943, alikuwa ameshaacha gitaa la mbao na kushika la umeme. Vilabu vya upande wa kusini wa jiji vilikuwa na kelele, watu walikunywa, walicheza na kuzungumza kwa sauti. Gitaa lisilo na umeme halikusikika. Walter alijiunga na Muddy na mpiga gitaa Jimmy Rogers mwaka 1948 hivi. Kundi lao lilikuwa na tabia ya kuingia katika klabu ambamo bendi nyingine inapiga, kuomba nafasi, kuwashinda wenyeji na pengine kuwanyang'anya kazi. Watu wakawaita Wawinda Vichwa.

Tatizo likabaki kwa Walter. Magitaa mawili ya umeme na ngoma vilikifunika kinanda chake. Kumsogelea kwa mdomo maikrofoni iliyosimama kwenye mti, kama wafanyavyo waimbaji, kulisaidia kidogo tu. Akapuliza kwa nguvu zaidi. Pumzi ikaisha na noti zikapoteza utamu. Hapa palikuwa na riziki ya mtu. Mpiga kinanda asiyesikika hana sababu ya kulipwa.

Walter hakuwa wa kwanza kukamata maikrofoni mkononi. Snooky Pryor, aliyewahi kuwa askari, alikuwa miongoni mwa waliopuliza kupitia vipaza sauti mitaani Chicago kabla yake. Wenzake walitafuta ukubwa wa sauti peke yake. Walter aligundua kwamba kifaa kile kinabadilisha sauti yenyewe, akaamua kuyapokea mabadiliko hayo na kuyatawala.

Mikono, maikrofoni, valvu

Inafaa kueleza jinsi jambo hilo linavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ulipo ufundi wake.

Maikrofoni za aina hiyo zilikuwa nzito, za mviringo, zenye umbo la risasi nene. Kampuni ya Astatic ilitengeneza JT-30, yenye kipande cha fuwele ndani, ambacho hutoa umeme mdogo kinapotikiswa na sauti. Kampuni ya Shure, iliyokuwa Chicago kwenyewe, ilitoa mwaka 1949 modeli ya 520, ambayo baadaye iliitwa Risasi ya Kijani kwa rangi yake. Zilikuwa maikrofoni za matangazo na mawasiliano. Hazikubeba sauti za chini kabisa wala za juu kabisa. Zilisukuma mbele sauti za katikati, zile zinazomfanya mtu aeleweke.

Mpigaji hukishika kinanda pamoja na maikrofoni, kisha hufunga viganja kuvizunguka hadi pasibaki upenyo. Hewa iliyofungiwa humo husukuma maikrofoni kwa nguvu isiyo ya kawaida. Noti za chini hunenepa, makali ya juu hupungua. Akifungua kiganja kidogo, sauti hung'aa; akikifunga, hurudi gizani. Kwa hiyo mkono unakuwa kidhibiti cha sauti, na hakuna kitufe kinachoweza kushindana nao kwa wepesi.

Umeme huo huenda kwenye amplifaya. Wakati ule amplifaya zote zilitumia valvu, zile taa za kioo zinazopata moto. Valvu ikipewa sauti kubwa kuliko uwezo wake haikatiki ghafla. Huanza kuikunja sauti, kuikwaruza na kuibana, noti ndogo zikapanda na kubwa zikashuka hadi zote zikawa nene. Fundi wa redio angeita hali hiyo kasoro. Walter aliisikia kama saksafoni aliyokuwa akiitafuta tangu utotoni. Mpigaji akivuta pumzi taratibu, sauti inakuwa safi. Akiongeza pumzi, inakwaruza. Amplifaya ikawa inatii pafu lake.

Chombo hicho kilikuwa na hatari yake. Maikrofoni yenye usikivu mkubwa ikikaribiana na spika, spika hupiga mluzi mkali unaoumiza masikio. Mpigaji alilazimika kujua asimame wapi, aelekee upande gani, na sauti aifungue hadi wapi kabla mluzi haujaanza. Mpaka huo kati ya sauti nene na mluzi ndio uwanja ambao Walter aliufanyia kazi kila usiku. Hakuwa mtu wa mashine moja. Alitumia amplifaya mbalimbali katika maisha yake, na bado msikilizaji anamtambua kwa noti chache tu.

Mwezi Julai 1951, katika wimbo wa Muddy Waters uitwao Country Boy, kinanda chake kilichopitishwa kwenye amplifaya kiliingia kwenye santuri kwa mara ya kwanza. Miezi kumi baadaye kazi hiyo ilizaa matunda.

Dakika chache za mwaka 1952

Mei 12, 1952 bendi ya Muddy iliingia studio kurekodi kwa ajili ya Leonard na Phil Chess, ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland waliomiliki kampuni ya Chess. Walirekodi pia wimbo usio na maneno ambao bendi ilikuwa ikiutumia kama kibwagizo katika vilabu. Ukapewa jina la Juke na ukatolewa na Checker, tawi jipya la Chess, kwa jina la Little Walter.

Rekodi hiyo haifiki dakika tatu. Walter anapiga kinanda cha ufunguo wa A huku bendi ikiwa katika ufunguo wa E. Anaanza kwa noti zinazopanda ngazi, kisha kila mzunguko anabadilisha wazo: mara noti moja moja, mara noti kadhaa kwa pamoja, mara mkono unafunguka na sauti inapanuka. Mwaka huo Juke ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard ya muziki wa Weusi na kukaa hapo wiki nane. Hadi leo hakuna muziki mwingine wa kinanda cha mdomo usio na maneno uliowahi kufika nafasi ya kwanza katika orodha hiyo.

Bendi ilikuwa safarini kusini wakati santuri ilipoanza kuvuma. Walter hakusubiri safari iishe. Aliondoka akarudi Chicago na kuchukua kundi la vijana lililoitwa Aces: ndugu Louis na David Myers waliopiga magitaa, na mpiga ngoma Fred Below. Mpiga kinanda wao, Junior Wells, akaenda kuziba pengo kwa Muddy. Yalikuwa mabadilishano ya wachezaji bila mkataba wa klabu. Below alikuwa amejifunza jazi, na ngoma zake nyepesi zilimpa Walter nafasi ya kuteleza kama mpiga saksafoni. Hata baada ya hapo Chess waliendelea kumwita arekodi na Muddy, kwa kuwa walijua thamani ya sauti ile.

Kati ya mwaka 1952 na 1958 nyimbo zake 14 ziliingia kumi bora katika orodha ya Billboard. Mwaka 1955 wimbo wa My Babe, uliotungwa na Willie Dixon, ulimrudisha nafasi ya kwanza. Kwa miaka michache, kijana aliyekuwa akivuta waya wa umeme sokoni aliuza santuri kuliko Muddy Waters, mkubwa wake wa zamani.

Mwangwi wa chooni

Sehemu nyingine ya sauti ya Walter ilitoka studio. Juke ilirekodiwa Universal Recording ya Chicago, iliyokuwa chini ya mhandisi Bill Putnam. Mwaka 1947 Putnam alikuwa amerekodi kundi la wapiga vinanda vya mdomo, Harmonicats. Ili muziki usikike kana kwamba unatoka katika ukumbi mkubwa, aliweka spika na maikrofoni katika choo cha jengo, akaipeleka sauti ya kinanda humo ikagonge kuta za vigae, kisha akaichukua tena pamoja na mwangwi wake. Santuri hiyo, Peg o' My Heart, iliuzwa sana, na mwangwi wa kutengenezwa ukawa bidhaa ya studio.

Baadaye mwangwi ulipatikana pia kwa mashine ya kanda. Kichwa kimoja cha mashine hurekodi, kingine kilichokaa sentimita chache mbele husoma. Muda unaotumiwa na kanda kutoka kichwa cha kwanza hadi cha pili ndio unaoleta sauti inayojirudia. Katika rekodi nyingi za Walter za miaka ya 1950 msikilizaji anausikia mwangwi wa namna hii ukiifuata noti kama kivuli. Kwa nyimbo za polepole, unakifanya kinanda kisikike kama kinapigwa usiku katika mtaa usio na watu. Kwa nyimbo za haraka unaongeza mdundo. Walter alijua kuacha nafasi kati ya noti ili kivuli hicho kipate pa kuanguka.

Miaka ya kushuka

Biashara ya muziki ilibadilika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 vijana walitaka roki na soul, na baada ya 1958 nyimbo za Walter ziliacha kuingia kumi bora. Chess waliendelea kumrekodi kwa nafasi chache zaidi kadiri mauzo yalivyopungua.

Naye mwenyewe alikuwa akijimaliza. Alikunywa sana, alikuwa mwepesi wa hasira, na ugomvi wa vilabuni ulimfuata. Picha za miaka yake ya mwisho zinaonyesha uso uliojaa makovu, wa mtu anayeonekana mzee kuliko umri wake. Wanamuziki wazuri waliopita katika bendi yake waliondoka mmoja baada ya mwingine. Fedha zilizokuja kwa haraka hazikuwekwa mahali.

Ulaya ilimpokea alipokuwa amechoka. Alizuru Uingereza mwaka 1964, na mwaka 1967 alikwenda tena Ulaya pamoja na msafara wa tamasha la bluzi la Wamarekani, akapigwa picha za televisheni ambazo hadi leo ni miongoni mwa picha chache zinazomwonyesha akipiga. Vijana wa Kizungu waliokuwa wakijifunza bluzi kwa santuri zake walipata kumwona kwa macho.

Mwezi Februari 1968, baada ya ugomvi mwingine jijini Chicago, alikwenda kulala nyumbani kwa mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye. Alfajiri ya Februari 15 hakuamka. Cheti cha kifo kilitaja damu kuganda katika mshipa wa moyo. Kwa hesabu ya mwaka 1930, alikuwa na miaka 37. Alizikwa katika makaburi ya St. Mary, Evergreen Park, nje kidogo ya Chicago, na kwa zaidi ya miaka 20 kaburi lake halikuwa na jiwe. Mwaka 1991 wapenzi wa muziki wake ndio walioliwekea jiwe lenye jina. Soko la Maxwell Street nalo liliondolewa mahali pake pa asili mwaka 1994 ili kupisha upanuzi wa chuo kikuu.

Wanaonunua leo

Walter ameacha soko nyuma yake. Maikrofoni za fuwele zilizokuwa zikitupwa pamoja na redio mbovu sasa hutafutwa, hukarabatiwa na kuuzwa kwa wapiga kinanda. Anayetaka kuingia katika soko hilo, awe mpigaji au mwuzaji, atafaidika akijua mambo machache.

Kwanza, fuwele za zamani zinaharibiwa na joto na unyevu. Maikrofoni iliyokaa katika gari lililofungwa juani, au miaka kadhaa katika ghala la mwambao, inaweza kuwa nzuri kwa nje na kufa ndani. Usiilipie kabla hujaisikia.

Pili, maikrofoni hizo zinaendana na tundu la amplifaya ya gitaa. Maikrofoni ya kisasa ya kuimbia imetengenezwa kwa ajili ya miksa. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya ya gitaa sauti huwa hafifu hadi iwekewe transfoma ndogo katikati.

Tatu, amplifaya kubwa si lazima iwe bora. Amplifaya ndogo ya valvu, kama Fender Champ ya wati 5 hivi na spika moja ya inchi 8, hufika haraka mahali pa kukwaruza bila kuwafukuza majirani. Kwa ukumbi mkubwa wapigaji wengi walikuja kuipenda Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 1950, yenye spika nne za inchi 10, ingawa ilibuniwa kwa ajili ya gitaa la besi. Mafundi wengine hubadilisha valvu ya kwanza na kuweka yenye nguvu ndogo zaidi ili kuuchelewesha mluzi.

Nne, vifaa vya kuongeza mkwaruzo vilivyotengenezwa kwa gitaa mara nyingi huleta mluzi kabla ya utamu. Mpiga kinanda anahitaji kifaa cha mwangwi kwanza, kinachorudia sauti mara moja au mbili, kwa kiasi. Vingine vinaweza kusubiri.

Tano, na hili linamhusu moja kwa moja anayeagiza mzigo kutoka Marekani: umeme wa kule ni volti 120, na wa nchi zetu ni kati ya 220 na 240. Amplifaya ya Marekani ikichomekwa ukutani huku bila transfoma ya kupunguza umeme itaungua siku ya kwanza. Na ndani ya amplifaya ya valvu kuna umeme wa volti 300 na zaidi unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Kazi ya kuifungua ni ya fundi anayejua.

Lakini mnunuzi anaweza kukusanya vyote hivyo, maikrofoni halisi, valvu halisi, mwangwi wa kanda, na bado asiipate sauti ya Walter, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa katika viganja vilivyofungwa vizuri na pumzi iliyopimwa, na vitu hivyo havifungwi katika katoni. Mwaka 2008 Little Walter aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa roki huko Marekani, mpiga kinanda cha mdomo pekee aliyepewa nafasi hiyo kwa sababu ya upigaji wake. Walimweka katika kundi la wanamuziki wasaidizi, waliosimama pembeni mwa waimbaji wakubwa. Ndipo alipokuwa amesimama mwaka 1948, akitafuta namna ya kusikika.